Huduma ya VA nyumbani kwa wanajeshi wa zamani wenye magonjwa sugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya familia zinazozungumza Kiswahili zinazoishi Marekani na kumuuguza mtu aliyetumikia jeshi la nchi hiyo: baba, mama, mume, mke au ndugu. Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, yaani VA, ina huduma nyingi za nyumbani, lakini huduma moja haiileti nyingine. Kila moja huombwa peke yake, kwa jina lake. Familia nyingi hubeba mzigo mzito kwa miaka kwa sababu tu hakuna aliyewatajia jina hilo.

HBPC ni nini hasa?

Ni kifupi cha Home Based Primary Care. Ni kliniki nzima inayohamia nyumbani kwa mgonjwa. Kikosi chake huwa na daktari au muuguzi mwenye mamlaka ya kuandika dawa, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, mfamasia, mtaalamu wa lishe, mwanasaikolojia, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo au wa kumfundisha mgonjwa upya kuoga, kuvaa na kula. Huduma hii ilianza mapema miaka ya 1970. Inawalenga watu wenye magonjwa kadhaa kwa pamoja, mathalani moyo uliodhoofika pamoja na kisukari na figo, ambao kila safari ya kliniki huwamaliza nguvu, au ambao hukosa miadi kisha huishia kulazwa.

Lazima mgonjwa awe hawezi kabisa kutoka nyumbani?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojinyima haki. Sharti la kufungika nyumbani ni la Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu. HBPC huangalia uzito wa magonjwa na iwapo kliniki ya kawaida inashindwa kuyadhibiti. Mzee anayekwenda kanisani au msikitini mara moja kwa wiki kwa msaada wa mwanawe bado anaweza kukubaliwa. Masharti makuu ni matatu: awe amesajiliwa katika huduma ya afya ya VA, ahitaji kitabibu huduma ya namna hii, na aishi ndani ya eneo ambalo kikosi cha hospitali yake kinalifikia. Hilo la tatu ndilo linalowakwamisha watu wa vijijini, kwa kuwa wahudumu husafiri kwa gari na kila hospitali hujiwekea mpaka wake.

Tayari Medicare inatuletea muuguzi nyumbani. Kuna tofauti gani?

Muuguzi wa Medicare huja kwa kazi maalumu na ya muda: kufunga kidonda, kufundisha kudunga insulini, mazoezi baada ya kuvunjika nyonga. Kibali chake hutolewa kwa vipindi vya siku 60, na mgonjwa akishaimarika huduma husitishwa. HBPC haingoji mgonjwa apone, kwa kuwa ugonjwa sugu hauponi. Kikosi hukaa naye miaka mingi, mara nyingi mpaka mwisho wa maisha yake. Mtu anaweza kuwa na Medicare na VA kwa pamoja, ila huduma moja hailipiwi na wote wawili. Msiache Medicare kwa sababu mmepata HBPC. Itahitajika siku mgonjwa akitibiwa hospitali isiyo ya VA.

Tunaanzaje?

Kama hajasajiliwa VA, jaza fomu 10-10EZ mtandaoni, kwa posta, au kwa kupiga 877-222-8387. Kiweke karibu cheti chake cha kuachishwa jeshi, DD-214, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha muda wa utumishi na namna alivyoachishwa.

Akishasajiliwa, mlango ni rufaa. Mwandikie daktari wake wa VA kupitia ujumbe salama wa My HealtheVet, huduma ya mtandaoni ya VA kwa wagonjwa, au mpigie ofisa ustawi wa jamii wa kliniki, useme wazi: "Tunaomba rufaa ya Home Based Primary Care." Usiseme tu "tunahitaji msaada nyumbani," maana utaishia kupewa msaidizi wa kuogesha pekee. Kwenye ujumbe huo andika mambo yanayopimika: amelazwa mara ngapi mwaka huu, amekosa miadi mingapi na kwa nini, ameanguka mara ngapi, anatumia dawa ngapi kwa siku, nani anaishi naye na yuko kazini saa ngapi. Maneno kama "hali yake mbaya" hayamsaidii anayepitia rufaa.

Baada ya hapo muuguzi au ofisa wa HBPC hupiga simu, halafu huja kutathmini. Kuna hospitali zenye orodha ya kusubiri. Mkiwekwa humo, ombeni siku hiyohiyo upimaji wa mbali: VA humpatia mgonjwa mashine ya presha, mizani au kipima oksijeni vinavyotuma vipimo kwa muuguzi kila siku. Huduma hiyo mara nyingi hupatikana mapema zaidi.

Atampoteza daktari wake wa sasa?

Yule wa huduma ya msingi, ndiyo: HBPC ndiyo itakayokuwa kliniki yake. Madaktari bingwa wa moyo, figo au macho wanaendelea naye kama kawaida.

Tutalipa kiasi gani?

Inategemea kiwango cha ulemavu uliotokana na utumishi. Mwenye 10% au zaidi halipi mchango (copay, yaani sehemu ya gharama anayolipa mgonjwa) wa ziara za kliniki za nje, HBPC ikiwemo. Asiye na kiwango hicho, na ambaye kipato chake hakimpi msamaha, anaweza kutozwa dola 15 kwa ziara. Dawa ni hesabu nyingine: dola 5, 8 au 11 kwa dawa ya siku 30 kulingana na daraja lake, na michango ya mwaka haivuki dola 700. Mwenye ulemavu wa 50% au zaidi hazilipii. Msaidizi wa nyumbani na kituo cha kutwa cha wazee huweza kutozwa hadi dola 15 kwa siku, lakini siku 21 za kwanza katika kila miezi 12 ni bure. Kwa hesabu hiyo mtaombwa kujaza fomu 10-10EC inayoeleza kipato na matumizi. Jazeni gharama zote mnazolipa, kwa sababu ndizo zinazopunguza mchango.

Ziara ya kwanza itakuwaje?

Hupita saa moja, wakati mwingine mbili. Muuguzi atataka kuona kila dawa iliyomo nyumbani, si orodha yake: za VA, za daktari wa nje, za dukani, na mitishamba. Ziwekeni zote mezani. Atapima presha mgonjwa akiwa amekaa na akiwa amesimama, atakagua nyayo na ngozi, ataangalia bafu, ngazi, mazulia yanayoteleza na kitanda.

Ataulizia pia bunduki. Swali hili huwakera wengine, ila lina sababu mbili: usalama wa mhudumu, na ukweli kwamba mgonjwa mwenye sonona au ugonjwa wa kusahau hapaswi kuwa na silaha mkononi. Silaha ifungiwe, risasi zikae mahali pengine. VA hutoa kufuli za bunduki bure ukiomba. Mbwa afungwe kabla mhudumu hajagonga mlango, kwa sababu mhudumu anayeona hatari ana ruhusa ya kuondoka.

Nani atamwogesha, kumvalisha na kumpikia?

Si kikosi cha HBPC. Hiyo ni kazi ya huduma iitwayo Homemaker and Home Health Aide, ambapo VA hulipa wakala wa karibu alete msaidizi kwa saa kadhaa za wiki. Rufaa yake iombwe peke yake. Mkitaka kumchagua na kumwajiri msaidizi wenyewe, jamaa anayejua Kiswahili na chakula cha mzee, ulizieni Veteran Directed Care. Humo mgonjwa hupewa bajeti ya mwezi na kusaidiwa kuisimamia, na ndugu anaweza kuajiriwa. Kwa familia zetu, ambako mzee huona haya kuvuliwa nguo na mgeni, huu mara nyingi ndio mpango unaofaa zaidi.

Kuna pia mpango unaomlipa mlezi mkuu posho ya kila mwezi, unaoombwa kwa fomu 10-10CG. Mgonjwa awe na ulemavu wa utumishi wa 70% au zaidi, na ahitaji kuhudumiwa ana kwa ana kwa angalau miezi 6 mfululizo. Asiyefikia hapo bado mlezi wake anastahili mafunzo na ushauri kupitia simu ya walezi, 855-260-3274. Na mlezi akichoka, VA hutoa nafasi ya kupumzika hadi siku 30 kwa mwaka: mtu huja kukaa na mgonjwa, au mgonjwa hupelekwa kituoni kwa muda. Zichukueni siku hizo kabla mlezi mwenyewe hajaugua.

Sheria iliyotiwa saini Januari 2, 2025, inayobeba jina la seneta wa zamani Elizabeth Dole, iliongeza kikomo cha fedha ambazo VA inaweza kutumia kumhudumia mtu nyumbani: kutoka 65% ya gharama ya makao ya uuguzi hadi 100%. Kama mliwahi kuambiwa kwamba saa haziwezi kuongezwa kwa sababu ya kikomo, ulizeni tena.

Kati ya ziara moja na nyingine, sisi tufanye nini?

Hapa ndipo huduma hii hufaulu au hushindwa. Kikosi huja kwa wiki au kwa mwezi, lakini ugonjwa wa moyo unaweza kuharibika ndani ya siku tatu. Wekeni daftari moja jikoni, na kila anayemhudumia mgonjwa aandike humo.

Kwa *moyo uliodhoofika*, kipimo muhimu kuliko vyote ni uzito. Apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, kwenye mizani ileile. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia hudanganya, na nyumba nyingi za Marekani zimejaa mazulia. Akiongezeka ratili 2 hadi 3 kwa siku moja, au 5 kwa wiki, hayo ni maji wala si mafuta: pigeni simu siku hiyo, hata kama anasema yuko sawa. Dalili nyingine ni kuhitaji mito zaidi ili alale, kukohoa usiku, na soksi kuacha alama ya kina mguuni.

*Presha* mara nyingi hupimwa vibaya. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipandane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kizungushwe kwenye ngozi, si juu ya nguo. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mgonjwa huongezewa dawa asizohitaji, halafu anaanguka.

*Sukari* ikishuka chini ya 70, mpeni gramu 15 za sukari ya haraka: nusu kikombe cha juisi, au kijiko kikubwa kimoja cha sukari kilichokorogwa kwenye maji. Pimeni tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudieni. Chokoleti haifai kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni. Piga 911, na kama mmepewa glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, itumieni. Mjue pia kwamba dawa fulani za moyo, kama metoprolol, huficha mapigo ya kasi ambayo kwa kawaida humwonya mtu kuwa sukari imeshuka. Jasho hubaki, kwa hiyo jasho la ghafla ni sababu ya kupima.

*Oksijeni* ina makosa yake. Kipima cha kidoleni hudanganywa na vidole baridi, rangi ya kucha na hina nyeusi, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba iliyo juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo mwangalie mgonjwa mwenyewe: akipumua kwa shida na namba ni 93, amini pumzi yake. Hata hivyo msiongeze mtiririko wa mashine ya oksijeni bila agizo. Kwa baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni nyingi husababisha hewa chafu kujaa mwilini, mgonjwa akasinzia na asiamke. Mashine ikae mbali na ukuta na mapazia, na chujio lake lisafishwe kila wiki kama mtoa mashine alivyoelekeza. Mpira wa kupitishia oksijeni usizidi futi 50. Hakuna sigara, mshumaa wala udi chumbani, na mgonjwa asikaribie jiko la gesi likiwaka. Pua ikikauka, tumieni jeli yenye asili ya maji, si Vaseline.

*Vidonda vya kulalia* huanza kwa saa chache. Ageuzwe kila baada ya saa 2 kitandani. Wekeni mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi tafuteni sehemu iliyokolea zaidi, yenye joto, au ngumu kuliko jirani yake. Msiikande. Mto wenye tundu katikati nao usitumike, kwa kuwa hubana damu pembeni.

Dawa zinachanganya. Nini huharibika mara nyingi zaidi?

Dawa ileile kupewa mara mbili kwa majina mawili, moja kutoka VA na nyingine kutoka hospitali ya nje. Kila mara akitoka hospitali, mtumieni mfamasia wa HBPC orodha mpya siku hiyohiyo. Dawa za VA huja kwa posta, kwa hiyo agizeni zikiwa zimebaki za wiki mbili. Ibuprofen na naproxen za dukani ni adui wa figo na moyo, maana huzuia maji mwilini na kushindana na dawa ya kukojoza. Mwarobaini, mlonge na mitishamba mingine vitajwe bila kuona haya. Baadhi hushusha sukari, na vikijumlishwa na insulini humzimisha mgonjwa.

Mtaalamu wa lishe hajui chakula chetu.

Mfundisheni, naye atawapa mpango unaotekelezeka. Tatizo mara nyingi si ugali. Ni vidonge vya supu, unga wa viungo wenye chumvi, ng'onda na dagaa wa chumvi. Mgonjwa wa moyo mara nyingi huwekewa kikomo cha takribani miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi peke yake kina kama 2,300. Tumieni ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari zisizochanganywa na chumvi. Chumvi mbadala zilizotengenezwa kwa potasiamu ni hatari kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa kama lisinopril na spironolactone.

Usiku akizidiwa?

HBPC si huduma ya dharura. Kuna simu ya wauguzi ya VA baada ya saa za kazi. Iandikeni kwenye friji. Kifua kubana, mdomo kupinda, kushindwa kupumua: piga 911 kwanza. Akipelekwa hospitali isiyo ya VA, VA iarifiwe ndani ya saa 72 kupitia 844-724-7842. Kwa kawaida hospitali ndiyo huarifu, lakini ulizeni mhakikishe, maana bili nyingi zinazokataliwa huanzia hapo.

Mama haelewi Kiingereza vizuri. Watoto watafsiri?

Kwa salamu, sawa. Kwa dawa, uchunguzi na maamuzi ya mwisho wa maisha, ombeni mkalimani, hata wa simu, siku ya kupanga miadi. Semeni Kiswahili cha wapi, kwa sababu Mswahili wa Bukavu na wa Lamu hawatumii msamiati uleule. Mtoto hulainisha habari mbaya, na mzazi huficha mbele ya mwanawe mambo ya haja ndogo, ya kitandani na ya huzuni.

Analala vibaya, anashtuka, hataki watu.

Mwanasaikolojia wa HBPC yupo kwa ajili hiyo na huja nyumbani au kwa video. Mgonjwa asipelekwe kwa nguvu. Mara nyingi huanza kuzungumzia usingizi au maumivu, mengine yakafuata. Akitaja kujidhuru, piga 988 kisha bonyeza 1, saa yoyote.

VA itarekebisha bafu na mlango?

Kuna ruzuku iitwayo HISA: hadi dola 6,800 kwa ugonjwa uliotokana na utumishi, au kwa mwenye ulemavu wa utumishi wa 50% na zaidi, na hadi dola 2,000 kwa wengine. Viwango hivyo ni vya maisha yote, si vya mwaka. Yahitajika agizo la mtabibu wa VA, fomu 10-0103 na makadirio ya fundi. Mpangaji alete idhini ya mwenye nyumba iliyothibitishwa kisheria. Msianze kazi kabla ya kibali. Kiti cha kuogea, vishikio na kitanda cha hospitali hupitia idara ya vifaa na havipunguzi ruzuku hii.

Umeme ukikatika?

Mwenye mashine ya oksijeni awe na mtungi wa akiba uliofungwa usianguke, na mjue unatosha saa ngapi kwa mtiririko wake. Ijulisheni kampuni ya umeme kwamba nyumba ina mgonjwa anayetegemea mashine.

Ugonjwa ukifika mwisho?

VA hulipia huduma ya faraja nyumbani bila mchango wowote. Kabla ya hapo, mgonjwa angali na akili timamu, ajaze fomu 10-0137 inayomtaja atakayemwamulia na matibabu anayoyakubali au kuyakataa. Familia zetu huogopa mazungumzo haya kana kwamba ni uchuro. Bila karatasi hiyo, uamuzi unaweza kuangukia mtu ambaye mzee hakumkusudia, na ndugu wakagombana kando ya kitanda.

Tunataka tumpeleke Mombasa au Dar es Salaam kwa miezi michache.

HBPC haivuki mpaka wa nchi, na safari ndefu inaweza kusimamisha nafasi yake. Waarifuni mapema na mpange dawa za muda wote wa safari. Nje ya Marekani upo Foreign Medical Program, unaolipia tu magonjwa ambayo VA imeyakubali kuwa yametokana na utumishi, pamoja na yale yanayoyazidisha. Mwenye kisukari kilichokubaliwa atalipiwa kisukari, lakini malaria ataigharimia mwenyewe. Ajisajili kabla ya kuondoka kwa fomu 10-7959f-1, kisha madai yapelekwe kwa 10-7959f-2 yakiwa na bili inayotaja ugonjwa, tarehe, huduma iliyotolewa na jina la daktari. Risiti iliyoandikwa tu "matibabu" haitoshi. Mwombeni karani wa hospitali aichanganue kabla hamjaondoka dirishani.